Uchambuzi wa kisa: Hamamu ya Kirumi ya Bath na maji yaliyofungwa miaka 28

Kisa hiki ni cha Bath, mji ulioko kusini magharibi mwa Uingereza, penye magofu ya hamamu ya umma iliyojengwa na Warumi. Ni kisa cha kweli na kiliandikwa sana wakati wake, ila jina la mtoto aliyehusika, familia yake, madaktari na wakandarasi nimeyaacha nje kwa sababu hayatuongezei kitu. Nimekiandika hasa kwa wanaosimamia chemchemi za maji moto, maeneo ya kale yenye maji, na hata bwawa la hoteli tu, maana makosa yaliyofanyika pale yanaweza kufanyika popote penye maji ya uvuguvugu na watu wanaoyaamini.

Usuli: maji yenyewe

Tuanze na maji maana kesi nzima iko hapo. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Mendip, inazama kwenye mawe ya chokaa mpaka chini sana, kati ya mita 2,700 na 4,300, huko joto la ardhi linayapasha maji mpaka nyuzi kati ya 69 na 96, halafu presha inayasukuma yarudi juu kupitia nyufa za miamba na yanatokea katikati ya mji yakiwa na nyuzi kama 46. Zaidi ya lita milioni moja kwa siku, mchana na usiku, na hakuna mtu aliyewasha pampu. Chemchemi ziko tatu karibu karibu, kubwa kuliko zote ndiyo iliyo chini ya hamamu ya Kirumi.

Warumi walipofika karne ya kwanza walikuta wenyeji wanamwabudu mungu wa kike wa chemchemi hiyo, anaitwa Sulis, wakamuunganisha na Minerva wao, wakajenga hekalu kati ya miaka ya 60 na 70 BK na pembeni yake hamamu ambayo iliendelea kuongezwa vyumba kwa karibu miaka 300. Kulikuwa na vyumba vya mvuke, sakafu zilizoinuliwa juu ya vijiguzo vya matofali ili hewa ya moto ipite chini, bwawa la mviringo la maji baridi, na bwawa kubwa lenyewe lenye kina cha mita 1.6 na ngazi pande zote nne, sakafu yake imetandikwa mabati 45 ya madini ya risasi ambayo mpaka leo yapo mahali pake na mpaka leo yanashika maji.

Lakini kitu kilichonivutia mimi zaidi ya hilo bwawa ni lile tenki la kwenye jicho la chemchemi. Warumi walikuta tope linalochemka, wakakita nguzo za mwaloni kwenye tope kuzunguka jicho, wakajenga ukuta wa mawe na kuupigilia risasi, likawa tenki. Kazi ya tenki haikuwa kuhifadhi maji peke yake, maji yakipanda yanabeba mchanga, kwahiyo mchanga unatulia chini ya tenki na juu yanatoka maji safi kuelekea bwawani, na waliweka mlango wa chini ambao ukifunguliwa unausukuma mchanga wote kwenye mtaro mkubwa na kwenda mtoni. Yaani usafi wa tope ulikuwa sehemu ya mchoro wa jengo tangu siku ya kwanza. Shikeni hapo, tutarudi.

Utawala wa Kirumi ulipoondoka mwanzoni mwa karne ya tano, hakukuwa tena na wa kufungua mlango ule wala wa kuziba paa, mtaro ukaziba, tope likajaa, paa likaanguka, jengo likamezwa. Karne ya 12 watu wakajenga bwawa jingine, Bwawa la Mfalme, juu ya tenki lilelile la Warumi wakitumia kuta zake kama msingi, na maji yakawa yanapanda kupitia kila kitu kilichokuwa kimejaa humo chini. Bwawa kubwa la Kirumi lilikuja kufukuliwa miaka ya 1880 chini ya msanifu majengo wa mji, Charles Davis, na likafunguliwa kwa watazamaji 1897. Ukienda leo, karibu kila kitu unachokiona juu ya vitako vya nguzo ni cha wakati wa Malkia Victoria, na masanamu ya watawala wa Kirumi yaliyoko juu barazani ni ya 1894, watu wengi wanapiga nayo selfi wakidhani ni ya kale.

Sasa muda wote huo mji ulikuwa unaishi kwa sifa ya maji kuponya. Karne kadhaa za wagonjwa wa baridi yabisi, ngozi, mifupa, walikuwa wanapelekwa pale, na hata huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ilikuwa inalipia wagonjwa watibiwe kwa maji hayo mpaka ilipoacha mwaka 1976. Baada ya hapo matibabu yakasimama lakini kuogelea kukaendelea, maji ya chemchemi yalikuwa bado yanalisha mabwawa, na vijana wa klabu ya kuogelea ya mji walikuwa wanayatumia kama kawaida.

Kilichotokea

Mwaka 1978 msichana mdogo wa klabu hiyo aliogelea kwenye maji yanayotoka kwenye chemchemi. Baadaye akaugua ugonjwa wa ubongo na akafariki. Vipimo vya maji vikaonyesha kuwepo kwa amiba anayeitwa Naegleria fowleri.

Hapa nisimame kidogo kwa sababu huku kwetu ukisema amiba kila mtu anafikiria tumbo, kuhara, na dozi ya metronidazo. Huyu siye. Huyu hana shida na tumbo kabisa, ukimeza maji yake hakudhuru. Njia yake ni pua. Maji yakipanda puani kwa nguvu, mfano mtu amejirusha au amezama vibaya, amiba anashika mshipa wa fahamu wa kunusa na kuufuata mpaka kwenye ubongo, anaanza kuuharibu. Dalili zinatokea kwa kawaida ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, kichwa kinauma vibaya, homa, kutapika, shingo inakakamaa, na mgonjwa anaweza kufariki ndani ya siku chache tu, maana wanaopona ni wachache mno duniani kote, zaidi ya asilimia 97 ya wagonjwa wanaojulikana wamekufa. Dalili zinafanana mno na homa ya uti wa mgongo ya bakteria, kwahiyo daktari asiyeambiwa kwamba mtoto alikuwa anaogelea kwenye maji ya moto hana sababu ya kumfikiria mdudu huyu.

Jambo la pili kuhusu huyu amiba ni joto. Anapenda maji baridi yasiyo na chumvi lakini yenye joto, najua sentensi inachekesha, namaanisha maji yasiyo ya bahari, na anastawi mpaka nyuzi 46 hivi. Rudi juu uangalie chemchemi inatoka na nyuzi ngapi. Na maji yakishapozwa kidogo ili mtu aweze kuogelea bila kuungua ndio yanazidi kumfaa. Makao yake ni kwenye tope na mchanga wa chini, akikosa chakula anajikunja kwenye gamba gumu na kusubiri.

Tena kitabibu alikuwa mgeni. Ripoti ya kwanza iliyomtambulisha kama muuaji wa binadamu ilitoka Australia mwaka 1965, yaani miaka 13 tu kabla ya kisa hiki. Kwahiyo ukitaka kuwalaumu waliokuwa wanasimamia maji 1978, lipunguze hilo kwenye lawama, ila usiliondoe lote, nitaeleza.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufunga. Kuogea kwenye maji ya chemchemi kukasimamishwa mji mzima. Kwa mji ambao jina lake lenyewe limetokana na kuoga, huu haukuwa uamuzi mwepesi, lakini hesabu yake ilikuwa rahisi: ugonjwa hauna tiba ya uhakika, chanzo kiko kwenye maji yenyewe, na hakuna njia ya kumwambia muogaji "kuwa mwangalifu" ikamsaidia. Huwezi kumwambia mtoto aogelee bila maji kuingia puani.

Uamuzi wa pili ndio ninaoupenda mimi. Wangeweza kusema tatizo ni mdudu, tumwage klorini, tufungue. Klorini inamuua kweli. Ila maji ya moto yanapoteza klorini haraka, na tope na uchafu wa majani na mwani unaila klorini kabla haijafika kwa mdudu, na juu ya hapo huwezi kumimina klorini kwenye jicho la chemchemi lenye mambo ya kale ya miaka elfu mbili. Badala yake wakauliza maji yanachafukia wapi. Na jibu ukilifikiria lilikuwa limeshaandikwa kwenye jiografia yenyewe: huko chini kwenye nyuzi 69 na kuendelea huyu amiba hawezi kuishi na kuzaana, kwahiyo maji yanaanza safari yakiwa salama. Yanachafuka mita za mwisho, yanapopanda kupitia tope, mchanga na vifusi vya karne kumi na kitu, yakiwa yamepoa vya kutosha kumfaa.

Kwahiyo dawa ikawa kuyakamata maji kabla hayajafika kwenye tope. Wakachimba visima vya mashine vya kushuka chini ya tabaka hilo, maji yanaingia kwenye bomba yakiwa bado ya moto na yanatoka bombani bila kugusana na uchafu wa juu. Kwenye chemchemi kubwa kisima kilichimbwa 1983, tena kwa kuinamisha mtambo, kikaingia kwa mshazari kutoka pembeni ili kisipite katikati ya magofu. Hicho ndicho kinacholeta maji ya kunywa kwenye ukumbi wa Pump Room ulioko juu ya hamamu, ambako mgeni anapewa glasi ya maji ya vuguvugu yenye madini 43, na ladha yake, tuseme tu, watu hawarudii glasi ya pili.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kisheria. Ukishajua maji yote ya mji yanapita kwenye nyufa chache, unaogopa pia jirani anayechimba msingi wa ghorofa akatoboa njia mpya na presha ikapotelea kwake. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya Kaunti ya Avon ambayo inaipa halmashauri nguvu ya kudhibiti uchimbaji wa kwenda chini kwenye eneo la mji. Hii watu wanaisahau wakisimulia kisa, lakini kwa maoni yangu ina uzito sawa na visima.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuyaacha magofu yawe ya kutazamwa tu. Bwawa kubwa la Kirumi halijafunikwa wala halijatiwa dawa wala halijaunganishwa na bomba la kisima kipya, linaendelea kupokea maji ya chemchemi kwa njia ya kale, na mgeni anaambiwa asiguse. Ule ukijani unaouona kwenye picha zote ni mwani, unaota kwa sababu ya jua. Zamani bwawa lilikuwa na paa, kwanza la mbao, baadaye kuba kubwa la vigae vyenye uwazi ndani ili lisiwe zito, kwahiyo Mrumi aliyeoga pale hakuwahi kuona maji ya kijani. Nimeona watu wanabishana mtandaoni kwamba rangi ile ni madini ya tiba. Hapana jamani, ni jua na kukosa paa.

Matokeo ya haraka

Kipindi hichohicho, 1979 na 1980, sakafu ya Bwawa la Mfalme ilitolewa na mwanaakiolojia Barry Cunliffe na timu yake wakachimba kwenye jicho la chemchemi. Nimeshasema Warumi walikuwa na mlango wa kusukuma mchanga nje, basi tope lililobaki ndilo lililokuwa limeshika mali. Zilitoka sarafu zaidi ya 12,000 zilizotupwa kama sadaka, vyombo vya madini, na vibati vyembamba vya risasi kama 130 vyenye maandishi, karibu vyote ni malalamiko kwa mungu wa kike.

Na malalamiko yenyewe ni wizi wa hamamuni! Mtu mmoja anaitwa Docimedis kaibiwa glovu zake mbili. Mwingine, Solinus, kaibiwa nguo ya kuogea na joho lake, anamwomba Sulis Minerva amnyime mwizi usingizi na afya, awe mwanaume au mwanamke, mtumwa au muungwana, mpaka avirudishe vitu hekaluni. Mwingine, Annianus, kaibiwa sarafu sita za fedha kutoka kwenye pochi, yeye akaongeza kabisa "awe mpagani au Mkristo". Anaandika kwa Kilatini, anakikunja kibati, anakitupa kwenye maji. Mtu wa pwani akisoma haya hahitaji maelezo, ni halbadiri kabisa, yaani kisomo cha kumlaani mwizi, tofauti ni nani anayesomewa.

Ninaitaja hii si kwa sababu inafurahisha tu. Inaonyesha jinsi tope lilelile lililokuwa makao ya mdudu lilikuwa pia hazina. Angekuja mtu mwenye haraka 1978 akasema tuvute tope lote kwa pampu kubwa, tumwage zege, tufungue bwawa wiki ijayo, vibati vingeishia mtoni Avon na hakuna ambaye angejua. Mwaka 2014 vibati hivyo vikaingizwa kwenye orodha ya Uingereza ya kumbukumbu za dunia za UNESCO. Mji wenyewe ulishaingia kwenye urithi wa dunia tangu 1987.

Matokeo ya muda mrefu, hapa ndipo mambo yaliharibika

Maji salama yalishapatikana mwanzoni mwa miaka ya 80. Watu walirudi kuoga lini? Agosti 2006. Miaka zaidi ya ishirini imepita katikati na maji masafi yako tayari kwenye bomba.

Pesa ya kujenga sehemu mpya ya kuogea haikupatikana mpaka mfuko wa milenia, unaotokana na bahati nasibu ya taifa, ulipochangia miaka ya 90. Mchoro ukatolewa na ofisi ya msanifu mkubwa, Nicholas Grimshaw, jengo la kioo na mawe lenye bwawa juu ya paa, pamoja na kukarabati hamamu mbili za zamani za jirani. Bajeti ya mwanzo ilikuwa kama pauni milioni 13 na matarajio yalikuwa kufungua 2002. Ikafika 2003 haijaisha. Agosti 2003 ikafanyika konseti kubwa kabisa ya sherehe, wakaletwa wale waimbaji watatu wa opera, Pavarotti na wenzake, kusherehekea ufunguzi wa jengo ambalo lilikuwa halifunguki. Rangi ya ndani ya mabwawa ikaanza kubanduka. Mwenye mradi akasema mkandarasi kafanya kazi mbovu, mkandarasi akasema vingine, wakafikishana mahakamani, mkandarasi akaondolewa, rangi ikakwanguliwa na kurudiwa. Walipofungua 2006 gharama ilikuwa imefika kama pauni milioni 45, na sehemu kubwa ya ongezeko ikaangukia halmashauri, maana yake wakazi.

Kwa haki, baada ya kufungua, pamekuwa pakijaa. Maji yanatoka visimani, yanapozwa mpaka nyuzi 33 na kitu, yanasafishwa, watu wanaoga juu ya paa wakiangalia mji. Na magofu ya hamamu ya kale mtaa wa pili yalikuwa yanapokea zaidi ya wageni milioni moja kwa mwaka kabla ya korona, wote hao hawajalowesha hata kidole (au hawakutakiwa).

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kufunga mapema na kufunga kote. Kulikuwa na chemchemi tatu na ingekuwa rahisi kufunga bwawa moja na kuacha mengine kwa hoja kwamba "kule hakujatokea kitu". Lakini maji ni familia moja, yanatoka kwenye nyufa zilezile na yanapita kwenye tope la aina ileile.

Kutofautisha chanzo na njia. Hapa ndipo ningemwomba kila msimamizi wa bwawa asome mara mbili. Mtu akisema "maji ya asili ni safi" anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu chanzo na akakosea kabisa kuhusu yale yaliyofika kwa muogaji. Sampo moja iliyochukuliwa kwenye bomba haikwambii kitu kuhusu kona ya bwawa yenye mchanga, na kipimo cha kawaida cha bakteria wa kinyesi hakimtafuti amiba huyu, unaweza kupata karatasi ya maabara imepigwa muhuri "safi" na yeye yupo.

Kutenganisha matumizi na kumbukumbu. Baada ya 1978 magofu yakabaki magofu na kuoga kukahamia jengo jingine lenye bomba jingine. Watu wengine wanaona ni kupoteza ladha, kwamba bwawa la Warumi lilijengwa kuogewa. Mimi siungi mkono. Ukitaka kuliogea lile kwa viwango vya leo unahitaji paa, chujio, dawa, taa za usiku, vyuma vya kushikia, maliwato, mpaka unamaliza hakuna gofu tena, una bwawa la kisasa lenye mabati ya risasi chini, na risasi nayo tunaijua ni sumu.

Uchambuzi: kilichofeli

Kwanza sifa ilichukua nafasi ya kipimo. Nilisema lawama ipunguzwe kwa sababu mdudu alikuwa mgeni, lakini tope halikuwa geni. Warumi walilijua, walilitengenezea mlango. Waliofuata walijenga juu yake na kuendelea kutumia, na kwa sababu maji yalikuwa na jina la kuponya, swali la nini kiko chini ya sakafu lilikaa karne nyingi bila mtu wa kuliuliza kwa nguvu. Maji yenye sifa ya dawa yanahitaji kukaguliwa zaidi ya maji ya kawaida, kwa sababu wanaoyafuata ni wagonjwa na watoto, na wanaingia wakiwa wameshaamini.

Pili, mpango wa kufungua haukuwekwa pamoja na mpango wa kufunga. Ukiangalia mtiririko, upande wa maji ulikwenda haraka na kwa akili, 1978 mpaka 1983 tatizo la kitaalamu limekwisha. Upande wa jengo na pesa haukuwa na mwenyewe kwa muda mrefu, na alipopatikana, ukaingia kwenye jengo la ajabu lenye vitu vingi vya kujaribiwa kwa mara ya kwanza kwenye maji ya moto yenye madini, ambayo yanakula rangi na vyuma kuliko maji ya bomba. Ningekuwa kwenye meza ile ningetaka sakafu ya bwawa ijaribiwe kwa maji yaleyale, kwa joto lilelile, miezi kadhaa, kabla ya kupaka bwawa zima.

Tatu ile konseti. Tarehe ya sherehe iliwekwa kabla ya tarehe ya kukabidhiwa jengo kuthibitishwa, tumeyaona haya hata huku kwetu, utepe unakatwa na bomba halina maji. Hasara yake si pesa ya jukwaa tu, ni kwamba kuanzia siku hiyo kila ucheleweshaji uliandikwa kama kichekesho na hakuna aliyesikiliza tena maelezo ya kweli ya kiufundi.

Inahusiana vipi na upande wetu

Hamamu za umma tunazo, Hamamni pale Mji Mkongwe ilijengwa enzi za Sultan Barghash, ni kavu siku nyingi na inatazamwa tu, kwahiyo hiyo haina shida hii. Wasiwasi wangu ni chemchemi zinazotumika. Kitagata kule Uganda watu wanakaa kwenye maji ya moto kutibu viungo, Nyamyumba karibu na Rubavu kule Rwanda hivyohivyo, na jamaa wa Oman wanapeleka watoto Nakhal wikiendi. Sisemi kuna mdudu kwenye maji hayo. Nasema mazingira ni ya aina anayoipenda, maji yasiyo ya chumvi, joto, mchanga chini, watoto wanazamishana vichwa. Anayesimamia anaweza kuanza na vitu vya bei ndogo: kuzuia kujirusha na kuzamisha kichwa, kutochezea tope la chini, na kumwambia mzazi kwamba mtoto akiumwa kichwa na homa siku chache baadaye amtajie daktari aliogelea wapi.

Kuna na hili la pua. Karachi, Pakistan, wamekuwa wakipata wagonjwa wa amiba huyu ambao hawakuogelea popote, na watafiti wakaelekeza macho kwenye maji ya bomba yasiyo na klorini ya kutosha, ikiwemo yanayopandishwa puani wakati wa kutawadha. Ushauri unaotolewa ni maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa klorini vizuri kwa ajili ya sehemu hiyo ya udhu. Tenki la plastiki juu ya paa kwenye jua la Mombasa au Muscat, lenye tope chini ambalo halijaoshwa tangu lipandishwe, ni la kulitazama.

Walipofikia sasa

Maji ya hamamu ya Kirumi bado yanaingia bwawani kupitia njia za kale na yanatoka kwenye mtaro mkubwa wa Kirumi kwenda mto Avon, na kwa miaka mingi joto lake lote lilikuwa linamwagwa mtoni bure. Miaka ya karibuni kanisa kubwa la Bath lililo jirani limeweka vibadilisha joto ndani ya mtaro huo, mabati yanayolazwa kwenye maji yanayopita, na joto linaingia kwenye mabomba ya chini ya sakafu ya kanisa. Maji ya chemchemi hayachanganyiki na ya kwenye mabomba hata tone, yanapita tu na kuacha joto, kwahiyo swali la mdudu halikuhitaji kufunguliwa upya. Bwawani hakuna kilichobadilika, kibao cha kukataza kugusa maji bado kipo na klabu ya kuogelea ya mji inafanyia mazoezi kwingine.